Upande wa Wanawake

Mzee Barutwanayo aliingia kibandani kwa fundi Selestini, pale Ujiji, redio kaseti kaipakata kama mtoto mwenye homa.

"Umechomoa kitu upande wa kushoto. Umewaua wanawake wote."

"Shikamoo, Mzee."

"Salamu ya mwizi siitikii."

Redio ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza mtaani kuwa na spika mbili. Aliinunua miaka michache baada ya kuvuka ziwa na mkewe Skolastika, wakikimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili kwao ng'ambo, bila hata sufuria. Watu walicheka: mkimbizi hana kitanda, ana muziki wa pande mbili. Waliocheka anawakumbuka mpaka leo, kwa majina.

Pasaka moja alirekodi kwaya yao, akaning'iniza maikrofoni mbili. Kanisani wanawake hukaa kushoto, wanaume kulia. Kaseti nayo ikatoka hivyo hivyo. Spika ya kushoto ikawa ya akina mama, Skolastika akiwaongoza, na ya kulia ya wanaume. Kisha wakapelekwa kambini. Huko makarani waliandika jina, idadi ya watoto, idadi ya blanketi. Sauti ya mtu haikuandikwa popote. Skolastika alifia huko, na kilichobaki cha sauti yake ni kaseti hiyo.

Raba ya kuzungushia kaseti ilikatika, redio ikakaa kabatini miaka sita. Sasa imetengenezwa, na wanaume wanaimba peke yao.

Selestini akabonyeza kitufe. "Weka mkono hapa."

Mzee akaweka kiganja juu ya spika ya kushoto. Ilikuwa ikitetemeka.

"Wanaimba, Mzee. Tena huyu anayeongoza ana koo la kuimba."

Mzee akagusa sikio lake la kushoto. Alimkumbuka binti yake, Ndayikunda, anavyonung'unika kwamba baba akiitwa kutoka kushoto haitiki, hujitia ubwana mkubwa.

"Nimekuita mwizi," alisema.

"Na muuaji." Selestini akamsogezea kigoda. "Kaa hapa, uipe redio mgongo."

Akakaa. Sikio la kulia likaelekea spika ya kushoto, na Skolastika akaja, mbichi, bila kambi, bila kikohozi. Lakini wanaume wakapotea wote, na yeye mwenyewe, mwimbaji wao wa besi, akiwamo. Akina mama wakafika mahali pa kuitikiwa, wakasubiri. Kimya.

Basi akaitikia mwenyewe, kwa sauti iliyopasuka, huku wapita njia wakigeuka kumtazama. Selestini akanyoosha mkono aongeze sauti.

"Iache hapo hapo," Mzee alisema kabla ya ubeti mwingine. "Atanizidi."