Mama Povu na Lori la Tope

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Povu aliujua msemo huo tangu angali anabebwa mgongoni, na kwa kuwa siku ya tatu ilikuwa imeingia bila mtu kumpa jembe, aliamua kujitafutia mwenyewe.

Alikuwa amehamia kwa binti yake baada ya kuachana na udobi. Magoti yalikuwa yamegoma kusimama kutwa mbele ya karo, lakini mikono ilikuwa bado mizima, na mikono iliyozoea kazi ukiinyima kazi inakusumbua kama mtoto aliyekosa usingizi. Binti alimkataza hata kugusa leso. "Umefua vya kutosha, mama. Kaa."

Mkwewe naye alikuwa fundi miwani, mtu mpole, shati lake jeupe halikuwahi kuonekana na doa hata akila embe. Kila alipompita mama mkwe wake aliinamisha kichwa, akasema shikamoo, kisha akatafuta la kuongeza asilipate.

"Jua lipo leo, mama."

"Lipo, baba."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao, asubuhi na jioni. Mama Povu hakuwa na ugomvi nayo, ila usiku alipojinyoosha alijiuliza kama kijana yule anamkaribisha kweli au anamvumilia tu. Nyumba ya mkwe si mahali pa kukaa kama gunia lililosahauliwa mlangoni.

Basi Ijumaa ile, binti alipokwenda kwenye duka lake la vifaa vya shule na mkwe alipokwenda kusaga vioo vyake, Mama Povu alijifunga kanga kiunoni. Alifagia sebule. Alisugua sufuria mpaka akaona meno yake mwenyewe. Alikunja nguo zilizokuwa zimekwisha kunjwa. Kikabaki kile kichumba cha nyuma ambamo mkwe alikuwa akijifungia kila jioni, na mlango wake ulikuwa umeegeshwa tu.

Ndani kulikuwa na meza chini ya dirisha, na taa yenye shingo ndefu kama korongo. Brashi zilisimama kwenye kikombe, kubwa mbele na ndogo nyuma, ya mwisho ikiwa na unywele mmoja au miwili hivi, kama sharubu za siafu. Kulikuwa na vibano, vipande vya msasa, chupa za rangi zilizopangwa kuanzia nyeusi hadi nyeupe, na fremu za plastiki ambazo bado zilining'iniza magurudumu na milango midogo. Kwenye rafu, vifaru na magari ya jeshi ya plastiki, madogo kama ya kuchezea, yalijipanga safi yote, yaking'aa kama vikombe vya harusi.

Mezani lilikuwepo moja peke yake. Lori la jeshi lenye turubai, urefu wake kama kiganja cha mwanamume, na lilikuwa chafu. Chafu, nasema. Tope lilikuwa limepanda hadi kwenye ekseli, vumbi limelala juu ya boneti, kutu inachuruzika chini ya kila msumari, moshi umepaka weusi ubavuni.

Mama Povu akalihurumia. "Masikini, kijana hapati nafasi," alisema peke yake. Akaona jembe lake liko pale.

Alitia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akakoroga sabuni, akachukua mswaki wa zamani. Alianza na magurudumu, akaingia uvunguni, akafuata kila kifereji cha turubai bila haraka, kama alivyokuwa akifuata kola za mashati ya mabwana harusi. Maji yakageuka rangi ya chai, akayamwaga, akatia mengine. Kioo cha pembeni, kidogo kama punje ya mchele, kilibanduka. Akakiweka kwenye kisosi kisipotee. Alipomaliza alilikausha kwa kitambaa laini, akalirudisha mezani, akarudi nyuma hatua kulitazama. Lilikuwa linameta.

Mkwe alirudi mchana, maana siku hiyo alifunga mapema. Aliingia kichumbani moja kwa moja. Mama Povu alimfuata hadi mlangoni, akisubiri shukrani yake kwa staha, macho chini.

Mkwe aliliinua lori, akaligeuza chini juu, akalirudisha mezani.

"Mama," fundi miwani alisema mwishowe, "limeng'aa."

"Nimelikuta na tope hadi mbavuni, baba. Nikasema nisikuachie mzigo."

"Ahsante sana, mama."

Akatoka nje kwenda kutazama mfereji wa bati. Mvua haikuwa imenyesha wala dalili yake haikuwepo, lakini alisimama pale ameinua shingo, mikono kiunoni, mpaka jirani aliyekuwa akipita naye akasimama kuutazama huo mfereji.

Binti alipokuja kula chakula cha mchana alimwona mumewe akiangalia paa, akaingia kichumbani, akatoka ameshika mdomo.

"Mama, umeliosha."

"Nimeliosha. Mbona mnatembea kama mmefiwa?"

"Lile tope alilipaka mwenyewe."

Mama Povu alimtazama bintiye kama mtu anayetazama noti ya bandia. "Alilipaka? Mtu mzima na akili zake, analipaka gari tope?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Kuliunganisha ni nusu tu. Nusu nyingine ni kulichakaza, lionekane limetoka vitani. Amelihangaikia tope hilo tangu msimu uliopita." Binti alikaa chini. "Mwaka jana alipeleka kifaru kwenye maonyesho ya chama chao cha waunda magari madogo. Daktari wa meno, yule mwenye mavifaru ya kutu, akakizunguka, akamwuliza mbele ya watu, 'Kizuri, mwenzangu. Umekinunua lini?' Ukumbi mzima ukacheka. Tangu siku hiyo wanamwita Bwana Dukani. Na maonyesho ya mwaka huu ni kesho."

Loo. Mama Povu alihisi joto likimpanda masikioni. Hakuwa amepunguza mzigo wa mtu. Alikuwa amemrudisha mkwewe dukani kwa mikono yake mwenyewe. Akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya, akatoka nje.

"Baba, acha bati. Niangalie mimi. Nimekuharibia."

"Hapana, mama, wala si..."

"Usinifiche. Ningekuwa mama yako mzazi ungenipigia kelele."

Fundi miwani alishusha shingo. Alifikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Ningekupigia kidogo."

"Basi nipigie kidogo, tuendelee na kazi."

Akashindwa, akacheka, na mama mkwe akacheka naye, na jirani aliyekuwa bado anatazama mfereji akaona hapa hapana lake, akaenda zake.

"Rangi yenyewe haikudhurika," mkwe alisema. "Nilikuwa nimeipaka vanishi, imeikinga. Kilichoondoka ni tope, vumbi, kutu na moshi."

"Hao ni maadui zangu wa zamani. Twende tukawarudishe."

Binti alileta chaki za rangi kutoka dukani: nyekundu, njano, kahawia. Mkwe alimwonyesha Mama Povu namna ya kuzisaga kwa msasa ziwe vumbi, na namna ya kukoroga tope kwa vumbi hilo, unga wa jasi na tone la gundi. Yeye mwenyewe alirudisha kioo cha pembeni kwa kibano, akiwa amezuia pumzi. Kisha akayeyusha rangi nyeusi ikawa nyepesi kama maji ya kunde, akaichovya kwenye maungio, nayo ikakimbia yenyewe ndani ya nyufa.

Shida ilikuwa mkono wa Mama Povu. Kila alipoweka tope kwenye gurudumu, kidole gumba kilifuata nyuma kikalifuta.

"Mama, acha hapohapo."

"Nimeacha."

"Umefuta."

"Mkono haunisikii, baba. Ushikilie wewe."

Sasa mkwe angemshikaje mama mkwe wake mkono? Alimpa kitambaa akishike kwa mkono wa pili ili ule wenye tabia mbaya upate wa kuuonea wivu, na kweli, ulitulia.

Wakaendelea. Mkwe alikuwa akipaka tope lake pande zote sawasawa, kwa uangalifu, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Mama Povu akaanza kujikuna kichwa.

"Nani anaendesha gari hili?"

"Hakuna mtu, mama. Ni plastiki."

"Na shati ni pamba tu, lakini nililishika nikamjua mwenyewe. Mwalimu ana chaki kwenye mkono wa kulia. Kinyozi ana nywele za watu kwenye mfuko. Kulikuwa na bwana mmoja akisema anashinda ofisini, na magoti ya suruali yake yana majani." Alisogeza kiti. "Uchafu hauji bila mtu. Huyu dereva wako ni mtu wa namna gani?"

Fundi miwani aliweka brashi chini. Hakuwahi kujiuliza. "Nadhani," alisema polepole, "analipenda gari lake."

"Haya. Basi taa za mbele anazifuta. Na viatu anavikwangua kabla ya kupanda. Kipandio chake kina tope la pembeni tu."

"Na kiwiko anakitoa dirishani." Mkwe alikuwa amekwisha kuchukua kipande cha sponji, akidonoa rangi chini ya dirisha mpaka ikaonekana imelika. "Njia ni ndefu."

"Ana mwenzake?"

"Yupo. Anakaa kushoto."

"Huyo," alisema Mama Povu, "mchafu. Namjua. Hakwangui kiatu, na akitumwa kujaza mafuta anamwaga nusu."

Wakampa mwenzake kipandio kilichojaa tope, na madoa ya mafuta yakichuruzika chini ya kifuniko cha tangi. Mkwe akapiga vumbi kioo cha mbele, kisha kwa pamba yenye unyevu akachora nusu duara pale waipa inapopita. Nyuma ya magurudumu tope likaruka juu, mbele yake likabaki haba. Binti aliwasikia kutoka jikoni wakibishana kama dereva ana mke, na kama ana mke, ni nani anayemfulia. Hata chai iliwapolea.

Kesho yake ukumbini meza zilijaa vifaru na malori, na wanaume wenye heshima zao walikuwa wameinama kama wanaotafuta sindano. Mama Povu alikaa kando ya lori, mkoba mapajani. Daktari wa meno alifika, kibarakashia kichwani, kicheko kimekwisha tayarishwa.

"Bwana Dukani, mwaka huu umetununulia nini?"

Kisha akainama. Akazunguka upande wa kulia, akazunguka kushoto, akarudi tena kulia. Kicheko kile kilimpotelea mahali fulani njiani.

"Huyu dereva wako," alisema, "ni msafi. Mwenzake ndiye mshenzi."

Fundi miwani alinyoosha kola iliyokuwa imenyooka tayari. Uso ulikuwa umemchangamka kwa furaha, naye Mama Povu alitazama mkoba wake ili asionekane anatabasamu.

"Nani kakufundisha uchafu, bwana?"

"Mama mkwe wangu huyu hapa."

Waliokuwa karibu wakageuka kumtazama mama wa watu, kanga yake imepigwa pasi hadi pindo linaweza kukata karatasi.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Maisha yangu yote nimelipwa kuuondoa. Leo ndiyo mara ya kwanza nasifiwa kwa kuuleta."

Wakacheka, na safari hii fundi miwani alicheka nao. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa kifaru cha daktari, ambacho kwa kusema haki kilikuwa na kutu ya kupendeza. Lakini jina la Bwana Dukani halikutamkwa tena siku ile. Na mchana, mhudumu wa ukumbi alipopita akipangusa meza kwa kitambaa kibichi, akaliona lori, akalihurumia, akaunyoosha mkono, Mama Povu alikuwa amekwisha kusimama kabla magoti hayajapata nafasi ya kulalamika.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe na mimi ni wamoja. Lakini hilo liache."

Jioni yake, nyumbani, Mama Povu alikuta boksi jipya kitandani kwake. Mfuniko ulikuwa na picha ya kifaru, na juu yake kulikuwa na brashi mbili mpya. Mkwe alisimama mlangoni, kichwa ameinamisha kama kawaida yake, ila leo alikuwa na la kuongeza.

"Siku ya tatu ilipita, mama, tukasahau. Jembe lako hilo."

Mama Povu aligeuza boksi huku na huku, akalitikisa asikie vipande vikigongana ndani. Akakaa kitandani, akavaa miwani aliyosagiwa na mkwewe.

"Keti, baba," alisema. "Kabla hatujafungua. Anayeendesha hiki ni nani?"