Kidirisha cha Moshi

Ngoma ya Esteria ya kukaangia kahawa ilifika juu ya lori kutoka Mwanza, mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba na Bariadi ikajaa wageni wenye mizani. Ikawekwa uani pamoja na mtungi wake wa gesi, palepale Nyanjige alipozoea kuinjika chungu chake.

Nyanjige ndiye mke mkubwa wa Masunga, mlinzi wa kinu cha pamba; Esteria ndiye mdogo. Kahawa yake imenywewa tangu enzi za ushirika. Sasa Masunga katamka: meza ya kahawa pale kinuni ni moja, wanunuzi wataonja za wote wawili, wachague. Meza moja, wake wawili. Usingizi utatoka wapi?

Asubuhi Nyanjige alimkuta Esteria akizungusha mkono wa ngoma.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Naona leo unasaga bila mahindi."

Esteria alicheka. "Kazi yote ni hewa, dada. Kahawa ikianza kulia, napunguza gesi, nafungua hiki kidirisha, moshi na makapi vinatoka. Inabaki safi."

Safi. Neno hilo lilimkaa Nyanjige kooni kama mwiba wa sato.

Mara mtoto wa Esteria akalia ndani. "Nizungushie kidogo, dada yangu."

Nyanjige akashika mkono wa ngoma. Punje zikaanza kulia, ta, ta, ta. Gesi aliiogopa kama fisi, hakuigusa. Lakini kidirisha? Alikisukuma kwa kidole kimoja kikajifunga. Moshi ukakosa pa kwenda, ukarudi kulalia kahawa. Aliposikia ndala za mwenzake, akakifungua.

Esteria alimwaga punje kwenye ungo, akanusa. "Mbona inanuka moshi?"

"Sijui mambo ya gesi mimi."

Kukaanga nyingine hakukuwa na muda. Wakatwanga, wakachemsha, wakaenda.

Kinuni, mzee Shigela, mpima pamba, alionja ya Nyanjige, akatikisa kichwa kama anayemsalimu jirani. Kisha akaonja ya Esteria. Akaonja tena.

"Wewe juzi ulitunywesha maji ya kuoshea kikombe. Leo ina moshi wa nyumbani, na haikuungua kama ya mkubwa wako. Nani kakufundisha?"

Esteria alimgeukia Nyanjige, akamtazama kitambo.

"Dada ndiye aliyenizungushia."

"Hao ndio wake wenza," Masunga akasema, kifua mbele, na wanunuzi wakamsifu Nyanjige kwa moyo wake mweupe. Meza akapewa Esteria. Nyanjige akapokea sifa zile moja moja, kama mtu anayelishwa shubiri na watu wanaompenda.

Walipobaki wawili wakiosha vikombe, Esteria akasema taratibu, "Kitendawili."

"Tega."

"Nimemfungia mwenzangu mlango, nikajikuta niko nje mimi."

Nyanjige alisuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Sijui."

"Nipe mji basi."

Nyanjige aliitazama meza, akautazama na umati uliokuwa ukiingia na magunia.

"Chukua Bariadi," alisema. "Yote."