Dirisha Lisilokwama

Mtaani walimwita Kesho, na hakuchukia. Jina lilimganda tangu enzi zile kompyuta ya kwanza ya mtaa mzima ilipokaa kwenye chumba chake cha kazi chini ya ngazi, ikikoroma na kupiga miluzi kila ilipotafuta mtandao kwa waya wa simu, na yeye akiwaambia waliokuja kushangaa, "Hii ni leo tu. Ngojeni kesho." Kesho ilikuja kweli, ikapita, ikaja nyingine, na yeye hakuchoka kuingoja iliyofuata. Alikuwa fundi wa kompyuta na simu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahaulika juu ya kichwa. Ukimpelekea simu iliyoingia maji, ulirudi nyumbani na simu iliyokauka pamoja na hotuba.

Wengi walidhani anajigamba, na hapo walimkosea. Alikuwa anaota. Aliweza kukaa na chuma cha kuchomelea kimepata moto mkononi, amesahau alichokuwa anachomelea, akiwaza nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari, nyembamba kama unywele, na ndani yake maneno ya watu yakipita yamegeuka mwanga: mama anayemwambia mwanawe avae sweta, mchumba anayeomba radhi, mtu anayeuliza tu bei ya tairi. Samaki wanapita juu yake wala hawana habari. Akiwaza hayo macho yalimlenga machozi, kweli kabisa, na wateja wakadhani ni moshi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na alimwita mama tangu yuko kwenye nepi. Binti huyo akapata kazi nchi ya mbali: kupokea simu za wateja wa kampuni kubwa na kuwatuliza wenye hasira kwa lugha tatu alizokuwa anazitema bila kujikwaa. Mke wa Kesho, muuguzi, mtu aliyeona mengi wodini na haogopi damu wala kelele, alilia waziwazi wiki nzima. Kesho hakulia. Yeye alitangaza kwamba umbali umekufa.

Aliisema mezani, akaisema kazini, akairudia uwanja wa ndege huku ameshika begi la mtoto asiliachie. "Umbali umekufa, mama. Hii safari ni kama kuhamia chumba cha pili." Binti akamtazama kitambo kama anayengoja neno jingine. Neno lenyewe lilikuwepo, lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi. Lakini mtu aliyewahubiria watu miaka yote kwamba mtandao umefuta ramani, atamwambiaje mwanawe asiende? Akalimeza. Begi likapimwa, likapita.

Badala ya neno akatengeneza dirisha. Ndivyo alivyoliita. Alitundika skrini pana kwenye ukuta wa sebuleni, akaweka kamera juu yake, na nyuma yake akaficha kisanduku kidogo alichokiunda mwenyewe. Kisanduku kama hicho alikuwa amempa binti pamoja na kamera na skrini yake, akamfundisha jinsi ya kuvifungua na kuvirekebisha visanduku vyote viwili kwa mtandao, ukiwa kule au huku. Dirisha lilikaa wazi mchana kutwa, bila sauti. "Sauti inachosha," Kesho alieleza. "Kila nyumba inataka kelele zake. Wakitaka kuongea, simu ipo."

Basi asubuhi, chai ikiwa mkononi, Kesho alikaa mbele ya chumba cha mwanawe. Huku jua lilikuwa bado halijafika sebuleni. Kule lilikuwa limeshaelekea jioni, limelala chini sakafuni, la rangi ya asali. Pazia jeupe lilipanda na kushuka. Palikuwa na meza, na mmea kwenye chungu, na msumari wa kutundikia mkoba. Mlango ulifunguliwa, binti akaingia na misuko yake mirefu mabegani, akatundika mkoba, akamwagilia mmea, akageuka, akampungia mkono. Kesho naye akapunga. Kisha binti alikwenda jikoni, pasipoonekana, na baba akabaki na lile jua la kule miguuni mwake, karibu alisikie joto lake. Kuna siku chai ilipoa bila kuonjwa. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa na ukungu kidogo, kama ya mtu ambaye hajaamka sawasawa.

Mwanzoni dirisha lilikuwa na ubishi. Picha ilikwama, binti akabaki mdomo wazi katikati ya chumba chake, pazia likakatikakatika vipande vya mraba. Kesho alipanda kiti, akagusa waya, akaomba subira. Halafu, bila yeye kugusa kitu, kukwama kukaisha. Wiki ikapita, ikaja nyingine, picha inateleza tu.

Alitoka nje kuwatafuta watu wa kuwaambia. "Mtandao umekomaa," alimwambia kinyozi wa mlango wa pili. "Kuna kebo mpya zimelazwa, na kuna namna mpya ya kubana picha. Mwanangu yuko upande wa pili wa dunia na hatikisiki hata unywele."

"Basi uambie na umeme ukomae," kinyozi akasema, maana mashine yake ilikuwa imezima na kichwa cha mteja kimefika nusu.

Watu walikuja kuangalia. Walisimama sebuleni kwa heshima, wamevua viatu, binti akaingia, akapunga, nao wakapunga. Mke wa Kesho aliwaletea vikombe vya chai.

Siku hizo hizo zilikuja zile programu zinazoongea. Kesho hakulala vizuri kwa msisimko. Alimpigia binti, akamtumia sauti alizorekodi. "Sikia hii, mama. Inapokea simu kama mtu. Ukiikasirikia inakutuliza. Haichoki, haiumwi, haiombi likizo. Sisi tuliongea na mashine kwa vidole maisha yetu yote, sasa inatujibu. Si ajabu hiyo?" Binti alijibu kwamba amesikia. Baba hakuona kitu katika jibu hilo, kwa sababu alikuwa tayari anatafuta sauti nyingine ya kumtumia.

Jumamosi moja mke wake hakuwa zamu. Wakakaa pamoja na chai, mke ameinua miguu juu ya stuli.

"Zile nywele zinaniuma kama zangu," mke akasema.

"Nywele gani?"

"Za mwanao. Si amezikata zote? Kaniambia juzi kwenye simu. Anasema hana muda wa kuzihangaikia. Kichwa sasa kama cha mwanafunzi wa shule ya msingi."

Kesho alishusha kikombe. "Amezikata lini?"

"Wiki mbili sasa, nadhani. Wewe unayemwona kila siku unaniuliza mimi?"

Wote wawili wakageukia ukutani. Mlango wa kule ulifunguliwa. Binti akaingia na misuko yake mirefu mabegani, akatundika mkoba, akamwagilia mmea, akageuka, akapunga. Mkono wa Kesho ulikuwa umeshapanda wenyewe, ukabaki hewani bila kazi.

"Labda picha inachelewa," akasema.

"Wiki mbili?"

Kesho alivuta kiti hadi karibu na skrini akatazama kama anavyotazama saketi iliyoungua. Pazia lilipanda, pembe yake ikanasa kwenye mguu wa meza, ikajinasua. Likatulia. Akakumbuka kwamba jana, saa hiyo hiyo, lilipanda hivyo hivyo, pembe ikanasa pale pale, ikajinasua vile vile. Akapitisha mkono nyuma ya skrini, akaunganisha kompyuta yake na kile kisanduku, na haikumchukua muda kuliona: faili moja ya video, ndefu ya mchana mmoja, inayoanza upya kila asubuhi. Hapakuwa na kitu kinachotoka popote. Hakuna mwanga uliopita chini ya bahari. Mwanawe alikuwa amefungua kisanduku kutoka mbali, kama alivyofundishwa, akaweka humo mchana wake mmoja, akaondoka.

Mtu mwingine yeyote angeshuku mapema. Angesema, mbona hii haikwami? Kesho peke yake, aliyeungoja mtandao usio na dosari tangu ujana wake, ndiye aliyeweza kuona kitu kimekamilika kupita kiasi na akashukuru. Alikuwa ameipungia mkono faili. Amewaita na majirani waje waipungie.

"Mfungulie kamera yake," mke akasema. Sauti yake sasa ilikuwa ya wodini. "Ile ya kule. Si unao ufunguo? Nataka kujua kama mwanangu mzima."

Ufunguo alikuwa nao. Alikuwa amekifunga kisanduku cha binti kwa mikono yake mwenyewe, na neno la siri lilikuwa kichwani. Akaliandika. Kitufe kimoja tu kilibaki, na kidole kikakaa juu yake. Akawaza atakachokiona, kisha akawaza mtoto aliyejisumbua hivyo ili asionekane. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya ajali wala ugonjwa. Aliogopa kwamba binti yake hamtaki tena ndani ya nyumba yake, na kwamba hilo ni jambo ambalo fundi hawezi kulitengeneza.

"Nikifungua nitakuwa nimemchungulia," akasema. "Hakuniruhusu."

"Basi piga simu. Unangoja nini?"

Akapiga simu ya kawaida, ya sauti tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Uko wapi?"

"Chumbani."

"Chumba kipi?"

Simu ndiyo iliyojibu. Kulikuwa na mvua inapiga bati au kitu kama bati, na sauti za wanawake wengine wanaongea, na mfuniko wa sufuria, na mtu anakohoa karibu sana. Mbele ya Kesho, ukutani, jua la asali lilikuwa limelala sakafuni.

"Umejua," binti akasema.

"Mama yako ameniambia habari za nywele."

Binti alicheka kidogo, akaacha. Kisha akasema yote kwa sauti ya chini, bila kupamba. Kampuni ilikuwa imeleta programu inayoongea. Ghorofa nzima ya wapokea simu iliambiwa asante na kwaheri. "Ile ile uliyonitumia, baba. Uliponitumia nilikuwa naifahamu. Walitupa kazi ya kuifundisha kabla hatujaondoka. Tulikaa nayo, tunaisahihisha, tunaionyesha mtu akilia unamwambiaje. Inaongea vizuri kwa sababu nimeifundisha vizuri." Sasa alikuwa anafunga maboksi kwenye ghala, na analala na wenzake kwenye chumba kimoja. "Nilirekodi siku ya mwisho kabla sijahama. Jua lilikuwa zuri siku ile. Nikasema angalau mbaki na hilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila ukipiga una habari njema." Akavuta pumzi. "Halafu kule chumbani, baba, siku nilipopewa barua nilirudi nataka kulia, nikakukuta ukutani umeshika kikombe unanipungia. Nikapunga. Nikaenda kulia jikoni nimesimama. Na ulishasema umbali umekufa. Nikadhani labda ni mimi mwenye kasoro, maana kwangu haujafa. Nalala nao, naamka nao."

Hotuba ikamjia Kesho mdomoni, tayari imevaa viatu. Kwamba mambo haya hupita. Kwamba kazi moja ikifa huzaliwa nyingine, kwamba waliopiga taipu nao walilia na leo watoto wao wanaandika programu. Bado aliyaamini hayo, sitamsingizia. Mtu haachi ndoto ya maisha yake kwa simu moja. Lakini alisikia ule mfuniko wa sufuria ukigonga, na hotuba akaiona haina adabu. Akairudisha ilikotoka.

"Siku ile uwanja wa ndege," akasema, "nilitaka kukwambia usiende."

"Nilikuwa nakungoja useme."

"Niliona aibu. Nimewaambia watu kila siku kwamba hakuna mbali. Nikaona nikikuzuia nitakuwa mwongo. Mimi ni mwongo, mama. Mbali kupo. Asubuhi nakaa hapa nanywa chai na ukuta."

Mke wake, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote, alimwekea mkono begani na kuuacha hapo. Upande wa pili binti alikuwa analia sasa, si kwa kujificha, na mmoja wa wale wanawake alimuuliza kitu kwa lugha ambayo Kesho hakuijua. Baba alikaa kumsikiliza mtoto wake akilia, mpaka simu ikapata moto sikioni.

"Nikirudi utawaambia nini mtaani?" binti akauliza mwishoni, pua imeziba. "Uliniambia uliwaita mpaka wakavua viatu. Watakucheka."

"Wacha wacheke. Nitawaambia nimekuita nyumbani."

"Hujaniita, baba."

Ni kweli, hakuwa amemwita. Neno lilikuwa pale pale kooni, na safari hii hakuwa na hotuba ya kulifunikia.

"Njoo nyumbani, mama," akasema.