Miwani ya Mke wa Mjomba

Mjomba alisimama mbele ya idara nzima ya saikolojia, akafungua kasha la miwani kwa madaha ya mtu anayejua anatazamwa, akatoa miwani ya waridi yenye vijiwe vinavyometameta pembeni.

Chumba kikalipuka kwa kicheko.

"Hiyo si ya mkeo?" mwalimu wa ushauri nasaha aliuliza huku akipiga meza.

Mjomba akaivaa, akaikodolea macho karatasi yake, akaivua. "Ni yake. Na sioni kitu."

Siku nyingine ningecheka hadi machozi. Siku hiyo nilicheka nusu. Mjomba alikuwa akifundisha uchanganuzi nafsi, elimu ya yaliyofichika akilini, tangu mimi navaa nepi, na mchana huo tulikuwa tunapiga kura: somo libaki au lifutwe. Wakubwa wa chuo walitaka vipimo na takwimu, si habari za utotoni. Likifutwa, Mjomba angebaki kusimamia mitihani ya wenzake.

Idara yetu nayo ina utaratibu wake wa kichaa. Somo likiwekwa kitimoto, anayelipenda kuliko wote ndiye hulishtaki, na anayelidharau ndiye hulitetea. Ndiyo dawa yetu ya watu kutetea kwa mahaba badala ya hoja. Kwa hiyo Mjomba alitakiwa kulizika somo lake kwa mikono yake. Mimi, mwalimu wa vipimo vya haiba, niliyezoea kumwambia mezani kwake kwamba anafundisha ramli, nilitakiwa kuliokoa.

"Endelea bila karatasi," akasema mkuu wa idara, mama tunayemwita Kengele kwa jinsi anavyogonga kengele ya mezani mtu akizidisha maneno.

Mjomba akavuta pumzi. "Nadharia hii inasema haiba ya mtu ni nyumba yenye ugomvi. Matamanio yanataka kila kitu sasa hivi. Dhamiri imesimama mlangoni na fimbo. Katikati yupo msuluhishi, maskini wa Mungu, anahangaika kuwaridhisha wote. Na sehemu kubwa ya ugomvi huo, mwenye nyumba hana habari nayo. Tamu, sivyo? Lakini mwasisi aliijenga juu ya wagonjwa wachache. Aliyosema kuhusu wanawake yanatia aibu. Hatua zake za ukuaji wa mtoto hazikuthibitika. Na baya zaidi, ukimkubalia, amepatia. Ukimkatalia, anasema unajikinga na ukweli, basi amepatia tena! Nadharia isiyokubali kukosea utaipimaje?"

Alikuwa amelipigilia somo lake msumari wa jeneza.

Nikasimama. "Daktari," nikasema, maana kazini simwiti Mjomba, "miwani yako iko wapi?"

"Nyumbani. Nimesahau."

"Mtu anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya paka wa jirani anasahau miwani siku ya kulisomea somo lake mashtaka? Au kuna upande wa akili yako uliogoma?"

Wakashangilia. Mabega ya Mjomba yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Napinga! Makasha yote mawili ni meusi, nimechanganya tu. Na huyu huyu ndiye kila siku ananihubiria kwamba kusahau ni kusahau!"

"Na wewe ndiye unayesema hakuna kusahau kwa bure!"

"Leo niko upande wa mashtaka, mwanangu, usinichanganye!"

Kengele ikagongwa.

"Haya, nakubali," nikasema. "Sababu ya miwani hii hatuwezi kuipima, na anayejidai ana uhakika anapiga ramli. Hapo mshtaki ameshinda. Lakini kwamba akili hufanya mengi bila sisi kujua, maabara zimeonyesha, ingawa si kwa namna aliyodhani mwasisi. Malezi ya mwanzo huacha alama kwenye namna tunavyopenda. Na tiba ya mazungumzo iliyozaliwa na nadharia hii imepimwa, ikaonekana inawasaidia wengi wenye sonona. Paa la nyumba limebomoka, sikatai. Ila msingi wake bado tunaukalia, na wengi wetu hatutaki kumtaja aliyeuchimba."

Nilipokaa ndipo nikagundua kwamba sikuwa naigiza.

Mwalimu wa ushauri nasaha akapendekeza somo libaki, lakini lifundishwe na wawili, mshtaki na mtetezi, darasa moja. Mikono ikainuka kila upande. Mjomba peke yake akapinga, kwa kuwa mshtaki hana ruhusa ya kujihurumia.

"Nimeshindwa!" akatangaza, uso unang'aa kama bwana harusi.

Simu yake ikalia. Bila miwani akabonyeza ovyo, na sauti ya mkewe ikajaa chumba.

"Baba watoto, vipi, wamelifuta?"

"Limebaki! Lakini nimeaibika, nimesahau miwani yangu."

"Nani kakwambia umesahau? Nimekubadilishia mimi. Jana ulinisomea yale mashtaka yako mpaka chakula kikapoa. Nikajua usipoona kusoma, hutaweza kulishtaki."

Mjomba akanitazama. Nikamtazama. Nadharia zetu zote mbili zilikuwa zimelala chali, na Kengele alikuwa ameinamia meza anacheka, hata kengele yenyewe haioni.

"Hilo," Mjomba akaninong'oneza, "ndilo somo letu la kwanza."