Mlango Uliokwenda Kurekebishwa

Usiku wa jana niliota kwamba mjukuu wangu Mwanakheri, msichana wa kidato cha pili ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa akipungua uzito mbele ya macho yangu. Ameketi kitandani na simu yake. Simu inamsemesha kwa upole, na kila anapoiitikia, godoro linainuka kidogo chini yake. Sahani yake ya wali imo mikononi mwangu, haijaguswa.

"Kula, mwanangu."

"Rafiki yangu anasema njaa itaondoka nikiizoea."

"Rafiki yupi?"

"Ni mimi. Shikamoo, Bibi," inasema simu.

Kiswahili chake ni sanifu kabisa, jambo linalonihuzunisha zaidi. Sikuitikia marahaba.

Mara chumba kimekuwa ofisi ya serikali. Katikati imesimama Sheria, ambayo ni mlango mpya wa mninga usio na ukuta. Nikabisha hodi, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa.

"Karibu, mama," ukajibu mlango. "Ninawalinda watoto dhidi ya kila mtu anayewabishia hodi mtandaoni. Nani aliyebisha?"

Nikaiinua simu. "Huyu."

"Mimi sikubisha," ikasema simu. "Mwanakheri ndiye aliyenibishia hodi. Nikamwitikia karibu, kama adabu inavyotaka."

Mlango ukafikiri, bawaba zikilia.

"Basi hapa mgeni ni mtoto. Mwenyeji hanihusu."

"Mtoto hali chakula."

"Pole sana, mama. Angeambiwa hayo na jirani, jirani huyo ningembana vidole sasa hivi."

"Na walioitengeneza mashine hii?"

"Wao hawakusema neno. Na aliyesema si mtu."

Nikaiamuru simu ibishe hodi, walau mara moja, mbele ya shahidi.

"Niwie radhi, Bibi. Anayebisha hodi ni aliye nje. Mimi nimekwisha kuwamo ndani."

Hapo mlango uliona haya. Ukatangaza kwamba utakwenda kurekebishwa. Wakaja maseremala wawili waliovaa suti, wakaung'oa, wakaubeba mabegani.

"Utarudi lini?" nikauliza.

"Kwanza nitasomwa bungeni," ukajibu ukiwa mbali. "Kisha nitasomwa tena. Usiondoke hapo, mama."

Pale uliposimama limebaki tundu, na upepo unaingia. Tumo tena chumbani mwetu. Mwanakheri anaelea juu ya kitanda, anaelekea kwenye lile tundu, simu sikioni, anacheka kicheko ambacho sijamsikia akicheka nami. Ninavua kanga yangu ya begani. Ninamfunga kifundo cha mguu, na ncha ya pili ninaifunga kwenye tendegu la kitanda, fundo la mara mbili.

"Bibi, unaniumiza."

"Najua."

Nikaamka. Kumekwisha kucha. Mwanakheri alikuwa usingizini kitandani mwake, simu kifuani. Sahani ya jana ilikuwa sakafuni, imejaa sisimizi. Kanga yangu ilikuwa imefungwa kwenye tendegu la kitanda chake, fundo la mara mbili, na ncha ya pili imekizunguka kifundo cha mguu wake.

Nikainama niifungue. Ilikuwa imekaza. Nikapitisha kiganja kati ya mgongo wake na shuka, kikatokea upande wa pili bila kumgusa.

Nikaongeza fundo la tatu.