Jiwe la Pembe Nne

Siku Fundi Magesa alipoacha kurudi nyumbani kwa miguu yake ilikuwa Jumanne. Alirudishwa adhuhuri juu ya mlango uliong'olewa, kifua kimepondwa na bamba la marumaru alilokuwa akiliweka juu ya kaburi la mtu aliyekuwa bado hai, tena mwenye shibe.

Mtu huyo alikuwa Mwenye Kilima, mtawala wa Tengamao, nchi ndogo iliyokaa kama bakuli katikati ya milima, ambako watu wote, wa juu na wa chini, waliamini kwamba parapanda itakapolia alfajiri ya mwisho, miili itainuka kutoka udongoni, ile ile, na makovu yake na vicheko vyake. Hilo hakuna aliyelibishia. Walichogombania wakubwa ni nani atainuka kwanza. Wakakata shauri kwamba mwale wa kwanza ndio utakaoamsha, na kwa kuwa jua la Tengamao hukigusa Kilima cha Mashariki saa nzima kabla ya kushuka bondeni, wakakizungushia kilima ukuta, wakakijaza makaburi yenye nguzo na mapaa, mazuri kuliko nyumba za mafundi walioyajenga, na bonde lenye ukungu wakawaachia wengine.

Magesa akazikwa bondeni, miguu ikielekea mashariki. Miezi miwili baadaye Mwenye Kilima naye akafa, akalazwa chini ya bamba lile lile.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia Nyanzala, mjane wa fundi. Haukuwa wivu wa nguo wala wa nyumba. Alikuwa anaiona ile saa moja: Bi Tunuka, mjane wa mtawala, ameushika mkono wa mumewe wenye joto, na yeye amesimama kwenye ukungu akimngoja wake.

"Saa moja ni nini mbele ya umilele?" Mchungaji Lukoo alimwuliza.

Jumanne ile Nyanzala alikuwa amefunika ugali akamngoja mume, na urefu wa saa moja aliujua.

Akapanda mpaka lango la kilima, kwa Bi Tunuka. "Mama, mpeni mume wangu nafasi hata pembeni, ukutani. Ninyi mnalala ndani ya kazi yake."

Bi Tunuka alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Tangu lini fundi akalala kwenye nyumba aliyomjengea mwenzake?"

Nyanzala akashuka, na wivu ukashuka naye, ukala naye, ukalala naye.

Sasa, watu wa Tengamao wana desturi moja. Kila mwaka, asubuhi ya Jumamosi inayotangulia Pasaka, hulegeza makaburi: kila mtu na jembe lake, anatifua udongo wa juu mpaka uwe laini kama unga uliochekechwa, ili aliyelala asipate tabu ya kuusukuma. Mwaka ule Nyanzala alikuwa ameinama kwa Magesa aliposikia mlio kutoka kilimani, ng'aa! Kimya kidogo. Halafu tena, ng'aa! Wanawake wote wa bondeni wakainua vichwa. Bi Tunuka alikuwa akilima marumaru.

Haukupita muda akateremka, viatu vimelowa umande, mchungaji nyuma yake.

"Nyanzala, mwanangu," alisema, na neno hilo la mwisho likamkwama kidogo. "Bamba lile liliwekwa na watu wangapi?"

"Kumi na wawili, mama. Wa kumi na tatu ndiye huyu."

"Na mume wangu kule chini yuko peke yake."

"Ndiyo, mama. Peke yake."

Mchungaji akakohoa. "Malaika alilivingirisha jiwe la Bwana. Hatashindwa na hili."

"Lile lilikuwa la mviringo, mchungaji. Hili lina pembe nne."

Mwanamke mmoja akacheka ndani ya kanga yake.

"Nani anajua kulitoa?" Bi Tunuka akauliza.

"Aliyejua kuliweka ndiye ninayemlimia."

Bi Tunuka akaushika udongo, ukampita vidoleni. Akatazama nafasi iliyokuwa tupu kando ya Magesa. "Na hapo ni pa nani?"

"Pangu."

"Niachie mimi. Nataka udongo kama huu juu yangu, si jiwe. Nawe nitakupa nafasi yangu kule kilimani."

Kilima chote kikasimama mbele ya macho ya Nyanzala, na jua lake la mapema. Lakini alipomfikiria mwanamke huyu akiinuka ubavuni pa Magesa, akipangusa udongo, akiwa wa kwanza kumwona, ule wivu wa zamani ukageuka ukamchoma upande wa pili. Akalikita jembe katikati ya nafasi ile.

"Hapana, mama. Hapo nitainukia mimi."

Siku hizi vibarua hugonga lile bamba kwa nyundo tangu asubuhi hadi jioni, na bado halijapasuka. Bi Tunuka huketi juu yake akiwasimamia. Nyanzala hulegeza udongo kila Jumamosi, hangoji tena Pasaka. Kilimani jua hufika saa moja. Bondeni hufika saa mbili.