Kisanduku Cheupe cha Bure

Waya wa mtandao ulifika Atlabara, mtaa wa Juba, mwezi wa tatu. Wafanyakazi wa kampuni walichimba mtaro mwembamba kando ya barabara, wakalaza waya mweusi mnene, wakafukia, na katika kila ua waliopita wakaacha kipande kimening'inia ukutani, kichwa chake cha kuskurubu kimefunikwa kwa plastiki. Akuac alikipita kipande chake kila asubuhi akienda kuchota maji, na kila asubuhi alijiambia kwamba wiki hii atakiunganisha.

Alikuwa na haja nacho kuliko jirani yeyote. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alikaa mezani na vifaa vya masikioni, akasikiliza sauti za wanawake kumi na mmoja wa Gurei, pembeni mwa mji, wakieleza jinsi viwanja vyao vilivyochukuliwa na tajiri mmoja aliyekuwa akijenga maghala huko, kisha akayaandika maneno yao kwa Kiingereza na kuyatuma pamoja na sauti zenyewe kwa mawakili Nairobi. Kesi ilikuwa isikilizwe mwezi wa sita. Lakini kwa mtandao wa simu, sauti ya mwanamke mmoja ilichukua kutwa nzima kufika, na mara nyingi ilikatika ikiwa imebaki kidogo tu.

Kwa miezi miwili Nyaduoth ndiye aliyemwokoa. Nyaduoth alikuwa msusi, waliishi ua mmoja, ukuta kwa ukuta, na alikuwa wa kwanza mtaani kufungiwa waya. Kampuni ilimpa bure kisanduku cheupe, modemu na ruta ndani ya kitu kimoja. "Tumia tu, dada," alimwambia Akuac, akamwandikia nywila kwenye kipande cha boksi la rasta. Akuac akatumia. Hata wageni wake wakatumia.

Kwake mwenyewe, hata hivyo, hakutaka kisanduku cha bure. Hakuwa na sababu ya maana. Alikulia Kitale, kwa shangazi aliyekuwa hapokei hata chumvi kwa mtu asiyemfahamu, na tabia hiyo ilimwingia. Kampuni ilikuwa imebandika orodha ya modemu inazokubali, kwa wateja wanaotaka kununua zao. Aliipiga picha orodha ile, akapanda boda mpaka Sherikat, kwenye duka la Nuwa.

Nuwa alikuwa Mganda wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuza nyaya, betri za sola, na vifaa vya mtandao ambavyo watu wengine Juba waliviagiza kutoka mbali. Aliisoma picha ile, akatoa maboksi mawili, akayaweka mezani mbalimbali kwa makusudi.

"Hii ni modemu," alisema. "Yenyewe inaongea na waya tu. Hii ingine ni ruta, inagawa mtandao ndani ya nyumba. Nyabo, dada yangu, wewe nunua mbili. Usichukue ile ya kampuni, mbili ndani ya moja."

"Tofauti ni gani, kama zote zinaleta mtandao?"

"Tofauti ni mlango." Aligonga boksi la ruta kwa kidole. "Ruta ndiyo inajua nani iko nyumbani. Simu ngapi, laptop ngapi, jina lake, imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi. Kama ruta ni yako, ufunguo uko kwako. Kama ni ya kampuni, wao wanakaa huko kwao na wanaona ndani kwako."

"Na kasi?"

"Hii modemu ni toleo mpya, itabeba kasi yote wanauza. Hapo usiogope."

Alipokuwa akifunga maboksi kwa gazeti, Nuwa alisita. Aliangalia mlangoni, ambako boda zilikuwa zikipigiana honi kuelekea darajani.

"Watu watatu wa Atlabara walinunua kwangu hizi mwezi uliopita," alisema. "Wote walirudisha. Mimi nauliza, iko na shida? Wanasema hapana. Nauliza, basi kwa nini? Wanaangalia chini." Akamkabidhi mfuko. "Unajua hiyo kampuni hapa Juba ni ya nani? Ni ya yule wa maghala ya Gurei. Si jina lake kwenye karatasi, lakini ni yake."

Akuac aliuchukua mfuko. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliuweka mapajani na kuukumbatia kwa mikono miwili.

Fundi wa kampuni alikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Jina lake Kur, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alipofungua kinywa Akuac alifurahi bila kupenda, maana Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi kabisa.

"Umesoma Kenya, sista?"

"Kitale."

"Mimi Kasarani. Hii Juba inatuzeesha, ama?" Alicheka, akakaa, akanywa chai yote aliyopewa. Kisha akaigeuza modemu na kuisoma namba iliyo chini yake, akailinganisha na kitu kwenye simu yake. "Pole. Hii haiko kwenye orodha."

"Iko. Nina picha."

"Orodha imebadilika."

"Lini?"

"Leo asubuhi." Alisema hivyo kwa upole, kama daktari. Alitazama kuta, dirisha, meza yenye laptop na vifaa vya masikioni. "Lakini usijali, tutakupa yetu bure. Hamko wengi hapa. Laptop yako, simu zako mbili. Na ya Natalina." Akaweka kikombe chini. "Natalina bado anakaa Gurei, ama alihama?"

Natalina alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, na ndiye pekee aliyeona kwa macho yake nani aliyetia moto nyumba za kiwanja cha mwisho. Mumewe Marial alifia humo. Jumapili alikuwa amekuja kumalizia maelezo yake.

"Simjui mtu wa jina hilo," alisema.

"Haya." Kur alisimama, akajipangusa suruali. "Alikaa saa mbili na dakika kumi, nikadhani ni rafiki. Nitarudi Ijumaa na kisanduku. Asante kwa chai, sista."

Akuac alisubiri mpaka mlio wa gari lake ukaisha, ndipo akakimbilia kwa Nyaduoth. Nyaduoth alikuwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja, akamwacha akaja. Walifungua kwenye simu ya Nyaduoth ukurasa wa kile kisanduku cheupe. Yote yalikuwa pale: Simu ya Nyaduoth, Laptop ya Akuac, na chini zaidi, Simu ya Natalina, Jumapili, saa nane na robo hadi saa kumi na dakika ishirini na tano. Simu yenyewe ndiyo iliyojitaja jina ilipoingia.

"Wallahi nilidhani ni mimi tu naiona," Nyaduoth alisema. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta ya nywele. "Akuac, nilidhani ni mimi tu."

Natalina hakupokea simu. Mara ya tatu Akuac akaacha kupiga, akaogopa hata kule kupiga kwenyewe. Alizima simu zake zote mbili, akaziacha kwa Nyaduoth, akatoka kutafuta boda.

Gurei kulikuwa na jua kali na vumbi jeupe la saruji. Ukuta wa maghala ulikuwa umesogea tena. Sasa ulipita hatua kumi tu kutoka mlango wa Natalina. Mlango ulikuwa na kufuli. Ndani, kitu kilikuwa kikiungua jikoni. Jirani yake Achai, mwanamke mzito aliyekaanga maandazi mbele ya kibanda, alimtambua Akuac akamwita.

"Hata wewe unamtafuta? Leo ana wageni! Wanaume wawili wameondoka sasa hivi, na pikapu nyeupe. Nimewaambia yuko kanisani, leo ni zamu yake ya kufagia."

"Umewaambia?"

Achai alimtazama usoni, na kijiko chake cha kukaangia kikasimama hewani. "Walisalimia vizuri," alisema polepole.

Kanisa halikuwa mbali. Akuac alikwenda mbio kwa kupitia nyuma ya nyumba, na alipochungulia kwenye kona aliiona pikapu imeegeshwa mbele ya mlango mkubwa, injini inanguruma, wanaume wawili wamekaa ndani, vioo juu. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wakisubiri kazi ya kufagia iishe.

Aliingia kwa mlango wa upande. Natalina alikuwa amepiga magoti kati ya mabenchi na kitambaa chenye maji, akiimba chini kwa chini. Alipomwona Akuac alitabasamu. Alipomwona vizuri, aliacha.

"Wako nje," Akuac alisema. "Wanajua ulikuja kwangu. Ni kosa langu, nilikupa mtandao. Twende."

"Nimeacha maharagwe motoni," Natalina alisema. Ndiyo maneno ya kwanza yaliyomjia. Kisha akatoa simu yake kifuani, maana Akuac alikuwa amenyoosha mkono, akairudisha. "Hii hapana. Picha za Marial ziko humu. Sina zingine."

"Basi zima. Toa laini."

Natalina alijaribu kuitoa laini lakini kucha yake haikuingia kwenye kitundu. Katekista Gaetano, mzee aliyesimamia usafi, alikuwa amesikia. Hakuuliza. Aliichukua simu, akaing'oa laini kwa pini iliyoshikiza rozari kwenye shati lake, akampa tena mwenyewe. Halafu akavaa koti lake, akafungua mlango mkubwa, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, akaanza kuwasalimia wale watu: habari za nyumbani, za wazazi, za ng'ombe, wametoka kanda gani, wanamjua fulani? Sauti yake ilisikika kanisa zima. Alipokuwa bado anawauliza kuhusu wajomba zao, wale wanawake wawili walikuwa wameshavuka bustani ya bamia nyuma ya kanisa na kupanda raksha ya magurudumu matatu.

Nuwa aliwapokea dukani kama watu waliokuja kununua betri. Dada yake Mirembe alikatisha tikiti za mabasi ya Kampala mlango wa tatu kutoka hapo, na nyuma ya dirisha lake kulikuwa na stoo ya mizigo. Natalina alikaa humo siku mbili, juu ya magunia. Alhamisi Mirembe mwenyewe alimpandisha basi, akamkalisha nyuma ya dereva, akamkabidhi kwa dereva kana kwamba anamkabidhi mama yake mzazi. Jumamosi habari ilifika kwamba yuko Gulu na amezungumza na mawakili.

Lakini kabla ya Jumamosi kulikuwa na Ijumaa. Akuac alikuwa amewaza mpaka kichwa kikamuuma. Akikataa kisanduku, atakuwa amesema wazi kwamba ana la kuficha. Akikubali, atakuwa amemkaribisha Kur akae naye chumba kimoja usiku na mchana. Aliirudisha modemu kwa Nuwa pamoja na ruta. Nuwa alivipokea na kuvipanga rafuni, na safari hii hakuuliza kitu; Akuac ndiye aliyeangalia chini.

Kur alikuja saa nne kamili. Aliskurubu waya, akawasha, akasubiri taa ya kijani itulie.

"Umeamua vizuri," alisema. "Kasi si mchezo, utaona." Kisha, akikusanya vifaa vyake: "Ile nyumba ya Gurei wameibomoa jana. Hakukuwa na mtu wa kuuliza."

"Sijui nyumba unayosema."

"Ni kweli. Ulishaniambia humjui."

Kasi ilikuwa kubwa kweli. Akuac aliitumia kutazama mapishi na ibada za Nairobi, na Nyaduoth akaja kutazama tamthilia. Laptop haikuguswa na mtandao ule hata siku moja. Alifanya kazi akiwa amezima kila kinachopokea mawimbi, akaweka sauti kwenye kidisiki kidogo cha flashi, na kila Alhamisi akampelekea Mirembe, ambaye alikipakia kwenye basi ndani ya kopo la unga, kiende kwa mawakili. Wanawake kumi waliobaki aliwaendea mmoja mmoja kwa miguu, akawaambia wasimpigie tena, wala wasije.

Wiki ya nne simu yake iliita wakati anaanika nguo.

"Sista, habari za siku?" Ilikuwa sauti ya Kur, changamfu kama siku ya kwanza. "Tumeona laptop yako haijaingia kwenye mtandao tangu nikufungie. Mwezi mzima. Kuna shida?"

Akuac alitazama shuka lililokuwa likitiririsha maji juu ya miguu yake. "Imeharibika," alisema.

"Aa, pole sana. Mbona hukusema? Natuma mafundi leo waiangalie. Uko nyumbani?"

"Niko. Waje tu."

Alikata simu, akaiweka pamoja na ile ya pili juu ya kisanduku cheupe, zikiwa zimewashwa, ili wao waendelee kuziona nyumbani. Aliichukua laptop na vifaa vya masikioni, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki, akavitia chini ya nguo mbichi kwenye beseni, akamwaga na maji kidogo juu ya nguo ili ionekane amebeba za kufua. Alimwambia Nyaduoth afunge na aende kwa dada yake mpaka Jumatatu. Kisha akatoka getini na beseni kichwani, akatembea hadi barabara kubwa bila kugeuka, akasimamisha raksha ya Sherikat.

Amekaa stoo ya Mirembe tangu siku hiyo, juu ya magunia yaleyale, anamalizia sauti ya mwanamke wa kumi na mmoja. Jumanne iliyofuata Nyaduoth alipita kununua rasta akamweleza yaliyotokea, kama alivyosimuliwa na majirani. Mafundi walikuja mchana uleule kwa pikapu nyeupe, watu wanne. Wawili walikuwa na mikoba ya vifaa. Wawili hawakubeba kitu chochote.